Meneja Ana Sukari

Jumatatu, 7 Juni 1999

Andika, Mwanaidi. Andika kwamba leo mama mkwe wako ametoka Korogwe na paka. Paka ndani ya kapu, kapu mapajani, na mapaja yamelowa.

Paka mwenyewe anaitwa Meneja. Jina alimpa marehemu mume wangu, kwa sababu alikuwa analala mpaka jua liwe kali, halafu anapanda kukagua dari nzima kama meneja wa shamba la mkonge. Lakini panya walikuwa wanamjua. Mahindi yetu yote pale juu mlinzi wake ni huyo mmoja. Sasa amekonda, anakunywa maji kama ndama, anakojoa kila kona, na akishakojoa sisimizi wanakuja kama wamealikwa.

Bwana mifugo wa kule anaitwa Meshaki, kijana wa Kimaasai, mpole, kazoea ng'ombe. Kwanza alinicheka. Kisha akachovya kikaratasi kwenye mkojo, kicheko kikaisha. Akasema paka ana sukari. Nikamwuliza, sukari hii ya watu? Akasema hiyo hiyo. Dawa ya sindano ya kila siku kwa paka huku haipatikani. Tumpe nyama na dagaa basi, sukari asionje, ugali asionje. Tumpime damu nyumbani, kwenye sikio, tuandike. Isiposhuka atakufa.

Aliposema hilo la kufa nililia kidogo. Usiandike nililia. Andika vumbi.

Akauliza paka anakula nini. Nikasema vya paka. Uji wenye sukari sikuutaja. Huwezi kumwaga mambo yote ya nyumbani kwa mtu umekutana naye leo.

Jumanne, 8 Juni

Mashine ya kupimia sukari Handeni hii anayo mtu mmoja ninayemjua, jirani yangu Mzee Kasmiri. Ana sukari, na mwanawe alimletea kutoka Dar. Siku hizi vitu vinaingia, zamani hata sabuni tulikuwa tunapanga foleni. Mimi nilipanga siku nzima nikapata kiberiti. Haya, tuendelee.

Kasmiri ni Msambaa, mimi Mzigua. Watani. Mtani akichukua chako hulalamiki, ukinuna unachekwa mpaka kijiji cha pili. Basi nimekwenda kumjulia hali. Nimekunywa chai yao ya rangi, haina hata punje ya sukari, nikavumilia. Mashine ilikuwa mezani. Nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikasimama, nikamwambia mtani, nimechukua. Mkewe, Efrazia, alicheka mpaka akakaa chini. Mzee naye akacheka, meno tu.

"Chukua, mla bada," akasema. "Na mimi siku yangu ipo."

Bada ni ugali wetu wa muhogo. Yeye kwao wanakula ndizi mpaka na maganda, lakini sikumjibu. Nilikuwa na haraka.

Jumatano, 9 Juni

Tumepima. Kwanza unalipasha sikio kwa kitambaa cha uvuguvugu. Mara ya kwanza Meneja alipanda darini na kitambaa chetu. Mara ya pili nilimchoma Mwanaidi kidole. Andika, usione haya, na wewe ulipiga kelele kuliko paka. Mara ya tatu tone likatoka, dogo kama kichwa cha sindano. Mashine ikalia. Mwanaidi akasoma, ishirini na nne.

Mzee Kasmiri akaja na yeye kupimwa, maana mashine si ipo kwangu. Amekaa kwenye kigoda akisubiri zamu yake nyuma ya paka. Sindano nimemtolea mpya, mimi si mshenzi. Yeye ana nane. Akauliza mwenzake ana ngapi. Nikamwambia amekupita mbali, mtani, jitahidi.

Sasa matibabu. Sukari nimeikata, kopo nimelificha. Lakini mgonjwa ukimnyima kila kitamu atapona kwa furaha gani? Nikakumbuka asali. Asali safi ya Kang'ata, aliniletea shemeji. Asali siyo sukari. Sukari inatoka kiwandani, asali inatoka kwa nyuki, na bwana mifugo hakuitaja hata mara moja. Vijiko viwili kwenye maziwa, asubuhi na jioni.

Ijumaa, 11 Juni

Ishirini na saba. Imepanda.

Mwanaidi anasema ni asali. Nimemwambia yeye ashone magauni yake, udaktari aniachie. Mimi nasema mashine imezoea damu ya Msambaa. Au dozi ilikuwa ndogo. Nimeongeza kijiko.

Meneja amelala kutwa mlangoni. Panya amepita mbele yake mchana kweupe, anatembea, hata hakimbii. Meneja amemwangalia tu. Hapo niliogopa, Mwanaidi, na hilo liandike.

Jumamosi, 12 Juni

Kasmiri amekuja kupimwa. Nimempima. Amenishukuru vizuri, nikashangaa adabu imetoka wapi. Akanyanyuka, akanyanyua na kapu, na Meneja ndani.

"Mtani, nimechukua."

Majirani walikuwepo. Ikanibidi nicheke. Nimecheka mpaka taya linauma.

Basi mimi nina mashine sina paka, yeye ana paka hana mashine.

Jumatatu, 14 Juni

Mzee anakuja kila asubuhi na kidole chake. Nimemwomba anibebee paka nimpime. Anasema sikio linakaa na mwenye nalo. Nimeuliza wanampa nini. Dagaa, anasema, na utumbo, na firigisi Efrazia akichinja kuku. Maziwa hapewi. Kitamu chochote hakuna, nyumba ile toka mzee augue sukari haivuki kizingiti.

Maskini Meneja wangu! Dawa imekatwa katikati.

Nikatia asali kwenye chupa, chupa ndani ya kanga, nikazungukia uani kwao. Efrazia akanikuta nimeinama nyuma ya banda la kuku. Akanusa. Akaniambia, shikamoo mama, umekuja kunisaidia dagaa? Nikasema ndiyo. Mchana mzima nimekaa natoa vichwa vya dagaa wa paka wangu mwenyewe, chupa inanibana ubavuni.

Alhamisi, 17 Juni

Panya wametoboa gunia la pili la mahindi. Nimeshindwa. Nimebeba mashine, tukaenda na Mwanaidi kwa Kasmiri, nikasema mtani, turudishiane.

Meneja nilimkuta kwenye kiti cha mzee, manyoya yamelala vizuri, anajilamba. Nilimpima palepale. Mwanaidi akasoma, akarudia kusoma. Saba.

Kasmiri aliniangalia sana.

"Mtani," akasema, "huyu alikuwa haumwi kitu kingine. Alikuwa anaishi kwako."

Nimemwachia mashine yake, nimebeba paka wangu. Njiani nimelia. Vumbi.

Ijumaa, 18 Juni

Meneja ameua panya wawili kabla ya chai. Anawapanga mlangoni.

Nimekaa nimefikiri. Mwanaidi anasema dagaa ndio waliomponya. Sasa dagaa wangekuwa dawa, si Kasmiri angepona? Anakula dagaa mwaka wa nne, na jana nimempima, yuko palepale kwenye nane. Paka ana saba, mzee ana nane. Tofauti yao nini? Paka alikula asali, mzee hakula. Asali inachelewa kushika, ndiyo maana imekuja kushika yuko kule, sifa wamechukua wao.

Meneja nimempa kijiko kimoja cha shukrani. Na mtani wangu nimemwonea huruma, utani ni utani lakini mtu asife. Nimeshamtengea chupa, ile nyeusi ya nyuki wadogo. Kesho asubuhi twende tukamjulie hali. Efrazia ana pua, kwa hiyo mimi nitamshika kwa maongezi, wewe utamimina kwenye uji wa mzee, vijiko vitatu, ukoroge taratibu.

Mwanaidi. Mbona umeweka kalamu chini?