Rachael, Anayenijua kwa Miaka Sita

Jumanne, 3 Juni

Tak! Kidirisha kilifungwa. Sauti hiyo imenifuata kutoka mjini hadi kwangu Uthiru, na hata sasa nikifunika sufuria naisikia. Ofisi ya msaada ya kanisa huhudumia watu arobaini kwa siku. Mimi nilikuwa wa arobaini na moja. Wa arobaini alikuwa Kavindu.

Kavindu anajulikana na foleni nzima. Hata mlinzi humwita mathe, yaani mama. Mlinzi anasema mwaka juzi waliokuja kuomba walitosha kwenye benchi moja. Siku hizi foleni inazunguka jengo hadi kwa fundi wa viatu. Wengine wanataka unga, wengine kazi, wengi vyote viwili. Mimi nataka kazi moja tu, ile iliyobandikwa ukutani: karani wa stoo, mtaa wa Karen. Kavindu naye anaitaka. Eti aliwahi kutunza stoo ya shule. Mimi nina digrii!

Fomu nimeijaza yote isipokuwa mstari wa mwisho. Mtu anayekujua vizuri, asiye ndugu yako. Nimeukodolea macho saa nzima. Mwenye nyumba huniita Namba Saba.

Alhamisi, 5 Juni

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, baridi kali. Kavindu alikuwa ameshafika, anaandika majina na namba za simu kwenye karatasi ya daftari. Bila orodha watu husukumana. Nilitarajia ajiweke wa kwanza. Alijiweka wa tisa, nyuma ya wenye watoto wachanga. Mjanja sana. Sijui bado ujanja wenyewe ni upi.

Akachungulia fomu yangu kabla sijaificha.

"Si uniandike tu, Profesa? Mimi nakujua."

Nikamuuliza anajua nini.

"Najua wewe huongea na simu imezimika."

Foleni ikacheka. Nikacheka pia, nikiwa nimechelewa kidogo. Sikuikabidhi fomu.

Jioni nimenunua simu ya kabambe kuukuu na laini mpya. Rachael amezaliwa, na mstari wa mwisho umejaa! Mwalimu mkuu mstaafu, mkazi wa Loresho, ananijua kwa miaka sita. Anaongea polepole, kwa sauti nzito, na hapendi kukatizwa. Nimemfanyia mazoezi hadi jirani akagonga ukuta kuuliza kama nina mgeni. Nikasema ndiyo. Nimejisikia vizuri sana kusema ndiyo.

Jumanne, 10 Juni

Mpango ulikuwa hauna dosari. Mlinzi alinihakikishia kwamba Bwana Waithaka, mwenye kidirisha, huwapigia simu wadhamini alasiri. Alasiri mimi na Rachael tungekuwa Uthiru tukinywa chai.

Lakini fomu zimezidi. Bwana Waithaka ameamua kupiga simu papo hapo, mwombaji akiwa mbele yake. Akabonyeza namba. Ndani ya mkoba wangu jogoo akawika.

Sikujua kama ile kabambe huwika! Jogoo aliwika mara nne. Bwana Waithaka aliutazama mkoba, akanitazama mimi. Nikaitazama kalenda ukutani. Niliona ile kazi ikienda zake.

"Nipe simu yangu basi, Profesa, si unasikia inalia!"

Kavindu, nyuma yangu. Akamwambia Bwana Waithaka kwamba simu ni yake, alinipa nimbebee, na kwamba Rachael ni jina lake la ubatizo. Bwana Waithaka akauliza kama ni yeye mwalimu mkuu mstaafu wa Loresho. Kavindu akasema Loresho anaijua sana, amefua nguo nusu ya nyumba za huko, na hayo ya ualimu ni mimi niliyetia chumvi kwa heshima.

"Na hiyo miaka sita?"

"Hii foleni yako, mzee, wiki moja ni mwaka."

Bwana Waithaka hakucheka. Alitaka kusikia mtu huyu anajua nini juu yangu. Kavindu akasema huwa nawasomea wazee fomu zao bila kuwacheka. Akasema wiki iliyopita nilimpa mama wa mapacha unga wangu, nikamdanganya kwamba sili ugali. Akasema chai nikikaribishwa mara moja hukataa, lazima nikaribishwe mara mbili.

Sikujua kuna mtu aliyekuwa akiniangalia.

Muhuri ukagongwa. Zamu ya Kavindu ikafika. Fomu yake ya ile kazi ya Karen ilikuwa mkononi, na niliona juu yake imeandikwa Martha Kavindu. Hakuna Rachael popote. Aliikunja, akaitia kwenye pochi, akaomba unga tu.

Kutwa nzima nimejiuliza. Anapanga nini?

Jumatatu, 16 Juni

Nimeipata! Leo nimeanza. Stoo ni safi na ina dirisha. Wenzangu walikula pamoja chini ya mjakaranda. Mimi nilikula nikiwa nimeelekea rafu. Walinikaribisha mara moja.

Kavindu amepiga mara tatu. Namba aliitoa kwenye ile orodha, bila shaka. Sikupokea. Akatuma ujumbe: "Profesa umefika? Umekula? Jumapili chai iko kwangu Kangemi, nimekaribisha mara ya kwanza. Hii ni ya pili." Nia yake iko wazi. Anataka kujua kama kazi imenishinda ili aichukue.

Alasiri nilipewa fomu ya wafanyakazi wapya. Mtu wa kupigiwa simu ukiumia kazini. Mstari mmoja. Nakiri nilianza kuandika Kavindu. Nilifika kwenye K, mkono ukasimama.

K hugeuka R kwa mkunjo mmoja wa kalamu, nikamaliza Rachael. Fomu nimeshairudisha. Nilipopita dukani nimemwekea Rachael salio, na ule mlio wa jogoo nimeubadilisha, asije akaniaibisha akipigiwa nikiwa kazini.