Mke wa Aliyezimia

Sonara alipogeuka kuchukua mizani, Sukari aliiona riziki yake imelala mezani inang'aa. Pete ya dhahabu ikazama kiatuni. Lakini sonara naye si wa kuchezewa: akafunga mlango, akaita polisi. Sukari, ambaye ulimi wake ulikuwa umemwokoa mara nyingi, akaona leo maneno hayatoshi. Akazimia.

Alizimia kwa ufundi, macho juu, povu kidogo. Askari akapekua mifuko, akakuta simu tu, ikambidi amsindikize hospitali. Mpango ulikuwa mwepesi: askari achoke kungoja, mgonjwa atokee dirishani na pete yake.

Chumba cha dharura kilikuwa na nesi mtu mzima asiyeamini kope zinazochezacheza. Akauinua mkono wa Sukari juu ya uso, akauachia. Anayejifanya huukwepesha usimpige. Sukari mtihani huo alikuwa anaujua siku nyingi, akauacha utue puani, pwaa! Machozi yakamlengalenga, lakini hakutikisika. Kazi ni kazi.

"Mh!" nesi akaguna. "Haya, tumwache apumzike."

Askari akavuta kiti. Mara pazia likafunguka, akaingia mwanamke analia.

"Uwii, baba watoto! Si umetoka nyumbani mzima wewe?"

Sukari hakuwa na watoto, wala mke. Hata mchumba hakuwa naye.

"Pole, dada," askari akasema.

"Ahsante, afande. Ngoja nimchukulie vitu vyake, hapa wezi hawakosekani."

Simu ikaondoka. Saa ikavuliwa mkononi. Sukari akavumilia, simu na saa vyenyewe alikuwa kaviiba. Kisha vidole vikaanza kufungua kamba za viatu, na roho yake ikamuuma kweli kweli. Vyote viwili vikatoka. Kilio kikaelekea mlangoni, kikafifia, kikaisha.

"Mkamateni!" Sukari akaruka kitandani. "Simjui yule! Mwizi! Kaondoka na pete yangu!"

Askari akamtazama kwa upendo.

"Pete ipi, ndugu yangu?"

Huko langoni mlinzi alikuwa ameshampisha mjane mtarajiwa kwa heshima zote, na teksi akamwitia. Sukari akatolewa pekupeku, pingu mkononi, pua imevimba.

"Pole, baba," nesi akamwambia. "Mkeo angewahi kidogo, wala nisingekuumiza pua."