Vikapu Kumi na Tisa

Jumatatu, 4 Agosti 1997

Siku ya kihistoria! Leo Lodwar imesikia riwaya yangu. Inaitwa Theluji ya Mahaba. Kurasa mia moja na kumi, nimezipiga mwenyewe kwa taipureta hapa barazani nje ya posta, katikati ya barua ninazowapigia wateja. Upepo uliniibia kurasa kumi na mbili za sura ya tatu, zikaelekea mtoni. Sikuziandika upya. Msomaji mwerevu atajaza mwenyewe.

Msomaji wangu ni Namuria. Yeye huwasomea hadithi akina mama wasusi wa vikapu chini ya turubai lao nyuma ya soko. Wao wanasuka, yeye anasoma. Nataka kumwoa. Nilimjulisha mwezi wa Juni kwa barua rasmi, nikabaki na nakala mbili za kaboni. Alijibu kwamba atanifikiria siku nitakapoleta kitabu cha kumfanya shangazi yake aache kusuka. Shangazi ndiye Mama Ekai, mwenyekiti wa kikundi. Mikono yake haijapumzika tangu uhuru.

Leo zimesomwa sura mbili. Eduardo anambusu Rozalia kwenye theluji mara tisa. Akina mama kimya kabisa, vichwa chini. Nikajua wanaficha machozi. Mwishoni Mama Ekai alinishika mkono akanipongeza mbele ya wote: "Kijana, kitabu yako ni mzuri sana. Vikapu kumi na tisa! Alasiri moja!"

Nimerudi nyumbani nikiwa mtu mwingine.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepewa maelezo. Afadhali nisingeuliza.

Namuria anasema pale kwao kitabu hupimwa kwa vikapu, lakini kwa kwenda chini. Kitabu kikikolea, mikono inasimama, midomo inabaki wazi, na jioni vinapatikana vikapu sita au saba. Kisipokolea, hakuna anayeinua kichwa na kazi inakwenda mbio. Kumi na tisa haijawahi kutokea. Hata kile kijitabu cha chanjo ya mbuzi walichosomewa Aprili kilitoa kumi na vinne tu.

Niliuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, ni kitabu gani kilichotoa vikapu vichache kuliko vyote. Akasema kipo kilichotoa vinne, tena kimoja hakikuwa na kitako. Akanitolea madaftari mawili ya shule yaliyoandikwa kwa kalamu ya bluu. Mwandishi ni mwanamke mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, anaishi kambini Kakuma, jina lake Ayak. Madaftari yake huletwa mjini na wachuuzi wa sabuni.

Madaftari! Hata jalada hana! Nimeyaazima yote mawili niyasahihishe kwa kalamu nyekundu.

Jioni. Kalamu nyekundu haijagusa kitu. Nilianza kusoma saa tatu asubuhi, nikashtuka ni saa kumi. Wateja wamekuja, wameondoka. Mzee mmoja amelala kwenye benchi langu akingoja barua yake.

Hadithi yenyewe ni hii. Nyaboth huteka maji kwenye bomba la kambi. Foleni ni ndefu, kwa hiyo watu huacha jiwe mahali pao na kwenda kutafuta kivuli, na jiwe linaheshimiwa kama mtu. Kila asubuhi Nyaboth anakuta jiwe jekundu limemshikia nafasi kule mbele. Hajui ni la nani. Ni la Ater, fundi wa baiskeli, ambaye hajathubutu kumpa hata salamu. Kurasa arobaini za mawe! Hakuna busu hata moja! Na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nimelia mbele ya posta. Mwisho wa daftari la pili Nyaboth anafika bombani na jiwe halipo. Basi. Imeishia hapo. Daftari la tatu halijafika.

Halipo! Mwanamke huyu anajua kuandika. Inaniudhi jinsi anavyojua.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango umenijia nikipiga mswaki. Ayak hajawahi kuonekana Lodwar. Nani anaijua sura yake? Nikaenda hadi turubaini, nikainamisha macho kwa unyenyekevu, nikamwambia Namuria kwamba Ayak ni mimi. Jina la kalamu tu. Aliuliza habari ya mwandiko. Nikasema ule ni wa mkono wa kushoto.

Macho yake yaling'aa, nadhani kwa mapenzi. Akasema kama ni hivyo, basi nilete daftari la tatu Jumamosi, na shangazi atakuwepo. Mikono ya shangazi ikisimama, yeye atakumbuka alichoniahidi Juni.

Nimeshinda!

Saa nane mchana. Nimegundua kwamba sijui jiwe lilikwenda wapi.

Nimejaribu mara tatu. Mara ya kwanza Ater alikwenda London na theluji ikaanguka. Mara ya pili jiwe liliibwa na tajiri. Mara ya tatu Nyaboth alimbusu mtu anayefungua bomba. Niliposoma hiyo ya tatu, mikono yangu mwenyewe ilitamani kusuka. Katikati ya hayo nilimpigia mteja barua kwa D.O. kuhusu ngamia wake aliyepotea njia ya Kainuk. Sasa naona kwenye nakala ya kaboni kwamba ngamia huyo ana midomo laini na macho yaliyojaa siri. Barua imeshapelekwa.

Kesho Kakuma. Hakuna njia nyingine.

Alhamisi, 7 Agosti. Kakuma

Nimefika kwa lori la mahindi, ndani ya msafara. Polisi mbele, polisi nyuma, vumbi katikati, na mimi ndani ya vumbi. Nimevaa tai.

Kumpata Ayak hakukuwa kazi. Kila mtu anamjua. Ana kibanda cha chai mkabala na bomba. Mwanamke mrefu wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, anaandika juu ya debe lililopinduliwa huku mkono mwingine ukikoroga chai. Nilimsabahi ejok. Akanijibu kwa Kiturkana kirefu na safi, hata nikapotea katikati. Nikarudi kwenye Kiswahili haraka. Nikajitambulisha kuwa Mkaguzi Mkuu wa Riwaya, Kanda ya Kaskazini, nimekuja kukagua daftari la tatu.

Hakushtuka hata kidogo. Alinipa chai. Akaeleza kwamba zimebaki kurasa sita, lakini hawezi kuzimaliza kwa sababu leo lazima apange foleni ya maji. Kama mkaguzi ana haraka, mkaguzi ashike jerikeni. Akanikabidhi mbili. "Malesh, bwana mkubwa," akasema, akiniomba radhi kwa Kiarabu. "Hapa bombani mkubwa ni maji."

Saa tano nzima juani! Niliweka jiwe kama wenzangu, nikaenda kivulini. Niliporudi sikulitambua jiwe langu. Yote ni mawe! Nikasimama kwenye jiwe la mama mmoja wa Kinuer, nikarudishwa mwisho. Nikaeleza cheo changu, nikarudishwa mwisho tena. Nikaamua kukaa bila jiwe, nikiwa nimejifunga tai kichwani kwa sababu ya jua. Kila nilipogeuka nilimwona Ayak akinichungulia juu ya miwani, kisha anaandika mbio. Nikajua amevutiwa na subira yangu.

Jerikeni zilipojaa, nilizibeba bila kumwaga hata tone. Na daftari nalo lilikuwa limekamilika. Kurasa sita, pale pale juu ya debe, huku akiuza chai! Mimi sura moja hunichukua mwezi, na mlango lazima ufungwe.

Alinipa daftari kwa mikono miwili, akasema nimsalimie Namuria. Sikumbuki kama nilimtajia Namuria. Jua lilikuwa kali.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimelisoma juu ya lori tupu, njia yote hadi Lodwar. Lazima niandike hili hata kama linaniuma.

Jiwe halikupotea. Siku ile Ater mwenyewe alikuwa ameketi mahali pa jiwe, amelishika mkononi, maana ameona haya kuliachia jiwe maneno yake yote. Nyaboth anakuja. Macho yake yanatafuta jiwe, hayatafuti mtu. Anampita. Anakwenda mwisho wa foleni akifuta machozi. Ater anaangusha jiwe, anakimbia. Baada ya siku nyingi anarudi bombani, amechelewa, foleni imefika hadi barabarani. Na kule mbele kabisa anakuta jiwe jekundu. Limemshikia nafasi yeye.

Nani ameliweka? Kitabu hakisemi. Hakina haja ya kusema! Dereva alisimamisha lori kuniuliza kama nimepata habari za msiba.

Katikati ametia mtu mmoja wa kuchekesha, bwana aliyejifunga tai kichwani, anayejiita Msimamizi Mkuu wa Mawe, ambaye hurudishwa mwisho wa foleni kila akifungua mdomo. Nimecheka hadi mbavu zikauma. Anawatoa wapi watu hawa? Hicho ndicho kipaji.

Ukurasa wa mwisho umegandishwa kwa uji. Nimeuacha hivyo, maana hadithi imeshaisha. Nilisikia aibu kidogo kwamba kesho nitaipokea sifa isiyo yangu. Ilikwisha nilipoona bati za kwanza za Lodwar.

Jumamosi, 9 Agosti

Turubai lilijaa. Nilikaa mbele, nimenyoa. Namuria alisoma.

Alipofika kwa Msimamizi Mkuu wa Mawe, Mama Ekai alitoa sauti kama birika linalochemka. Kisha miaa ya kusukia ikamponyoka. Ikaanguka chini! Alishika tumbo, akaniangalia, akacheka upya, na wote wakaniangalia. Ndipo nilipokumbuka ile tai. Ndugu msomaji, ingawa shajara hii haina msomaji: masikio yangu yaliwaka moto.

Lakini jiwe lilipoonekana kule mbele, hakuna aliyecheka. Mama Ekai aliweka mikono yake mapajani, viganja juu, ikatulia pale. Sijawahi kuiona imetulia. Ni mikono ya kizee, imechanikachanika kwa miaa. Nikasahau kwamba nilitakiwa kuonekana mwandishi. Nilikaa tu nikiwaza kwamba mtu aliyeandika juu ya debe amewapumzisha wanawake hawa wote kwa mara moja. Vikapu vitatu! Rekodi.

Nikasimama nipokee makofi. Namuria akaniomba nikae. Akabandua ukurasa uliogandishwa, akausoma kwa sauti ile ile. Ilikuwa barua.

"Mwanangu Namuria. Barua zako sita tangu Mei nimepata. Mtu wako wa taipureta, ile ulikuwa unaniandikia habari yake, amefika. Ni mwongo kabisa. Lakini amesimama kwa jua saa tano na maji hakumwaga. Nimemweka kwa kitabu, mwambie asikasirike."

Barua sita! Tangu Mei! Alijua tangu nilipofungua mdomo Jumatano. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha nilidokeza kwamba, hata hivyo, mikono ya shangazi imesimama, na kwa upande fulani imesimama kwa sababu yangu. Ahadi ni ahadi. Namuria alifunga daftari taratibu. Akasema jibu langu nitalipata Jumatatu.

Sijala jioni hii. Kama ni hapana, sitajua pa kuuweka uso wangu, na mji huu una barabara moja tu.

Jumatatu, 11 Agosti

Ushindi! Ushindi mtupu!

Mama Ekai amenijia mwenyewe hadi hapa posta. Wamepata agizo la vikapu mia mbili kwa ajili ya mji wa Lokori, na muda ni mfupi. Anataka Theluji ya Mahaba isomwe kila alasiri kuanzia leo, mwanzo hadi mwisho, na kama ninaweza kuirefusha, niirefushe. Anasema madaftari ya Ayak yafichwe mpaka kazi ikamilike. Umma umeamua kati yetu! Nimeanza juzuu la pili mara moja. Rozalia anapotea kwenye theluji nyingi zaidi. Aidha nimemwandikia Ayak, kwa cheo changu cha Mkaguzi Mkuu, nikimshauri kwa upole aongeze mabusu.

Namuria sijamwona. Aliahidi jibu leo, na jua hilo linashuka, hajaniambia hata neno moja. Mchuuzi wa chai anasema alipita hapa asubuhi kabla sijafika, akasimama kidogo, akaacha kitu juu ya taipureta, akaenda zake akitabasamu.

Ni jiwe. Jekundu, dogo, laini, la kutoka mtoni. Linafanana kabisa na lile la Ater. Msichana huyu ana moyo mwema, amekumbuka shida yangu ya upepo. Nimeliweka juu ya sura ya kwanza, na karatasi hazijasogea tangu asubuhi. Kesho nitamwomba mengine matatu.