Mkurugenzi Aliyeboreka Sana

Ilitangazwa kwa kipaza sauti, ndani ya chumba chenye watu wachache ambao wangesikia hata kwa kunong'onezwa: kuanzia sasa hapandishwi cheo mtu yeyote ila "mtumishi aliyeboreka sana". Maana yake nayo ilifafanuliwa. Awe alikuwa mbovu, kisha akawa mzuri, na pawe na mashahidi wa hali zote mbili.

Mkurugenzi alipiga makofi kuliko wote, kwani maneno hayo aliyatunga yeye. Kiti cha naibu katibu mkuu kilikuwa wazi, naye alishashona suti ya kukikalia.

Tatizo alilikumbuka akiteremka ngazi. Miaka yote alikuwa akijitathmini mwenyewe, na kila mara alijikuta bora kabisa. Mtu wa namna hiyo ataborekaje?

Akawaita dereva na katibu muhtasi wake, akafunga mlango.

"Nataka mashahidi wa ubovu wangu. Ule wa zamani."

Dereva akatazama viatu vyake. "Mzee, sisi tuna watoto."

"Hilo ni agizo."

"Ubovu kiasi gani, bosi?" aliuliza katibu muhtasi. "Maana upo wa kuchagua."

"Msibane. Nikionekana nilikuwa chini kabisa, ndipo nitaonekana nimepanda."

Mbele ya kamati ya kupandisha vyeo, dereva alieleza jinsi gari la ofisi linavyobeba matofali ya nyumba ya shemeji yake mkurugenzi. Katibu muhtasi alieleza wageni wanavyoambiwa bosi yuko nje ya mji, huku wakimsikia akikoroma. Kwa kila kosa mkurugenzi aliitikia kwa kichwa, kwa fahari. Wafagizi nao walipanga foleni, ingawa hakuna aliyewaita.

Mwenyekiti alifuta miwani yake. "Ubovu umethibitika bila shaka yoyote. Sasa waje mashahidi wa kuboreka."

Hakuna aliyesimama.

"Dereva, hiyo nyumba ya shemeji imekwisha?"

"Bado, mheshimiwa. Asubuhi hii tumepeleka mabati."

Kamati haikumfukuza. Ilimpeleka dawati la mapokezi, ili apate pa kuanzia kuboreka, na nafasi yake ikakaimiwa na katibu muhtasi.

Mgeni wa kwanza aliuliza kama mkurugenzi yupo.

"Yuko nje ya mji," alijibu bosi wa zamani, kwa mazoea.

Mlango wa ofisi nyuma yake ulikuwa wazi.

"Nipo, mzee wangu," ikasema sauti kutoka ndani. "Mlete."