Ufunguo wa Tatu wa Sanduku la Navakholo

Sogeeni, enyi wakata miwa wa Mumias na wakuza mahindi wa Mautuma, acheni chai ipoe. Nawasimulia vita visivyomwaga damu ila jasho la mtu mmoja, naye alistahili.

Navakholo palikuwa na sanduku la bati, ngome ya chama cha akiba cha wakulima thelathini na wawili, lenye kufuli tatu ili viongozi watatu walindane. Lakini funguo zote zilining'inia shingoni mwa Willis mhazini, Simba wa Risiti, maana wenzake walichoka kutembea, wakasema, "Si tunaaminiana?"

Ikafika zamu ya kupewa fedha ya Selpher, mjane wa ekari moja na nusu, aliyehitaji mabati kabla ya masika. Sanduku likafunguliwa: shilingi mia sita na vikaratasi vinne. Akasoma cha kwanza: "Mimi Willis nimeomba mkopo. Mimi Willis nimeukubali." Cha nne: "Nimechelewa kulipa. Nimejitoza faini. Nimejisamehe."

"Nilijisimamia vizuri," akanena Willis bila kupepesa. "Sasa nitajikazia zaidi."

"Shemeji, ukali wako tumeuona," akajibu Selpher, akisimama kama jemadari mwenye ndara. "Uza fahali wako, urudishe. Ufunguo mmoja ubaki kwako, mmoja kwa Clifford katibu, wa tatu uende kwa mtu wa nje. Nataja Mama Abigail."

Mama Abigail ndiye mama mkwe wa Willis, na kwa mila mkwe hampi mkono, haingii jikoni mwake, wala hamtazami usoni.

"Huyo siwezi hata kumwomba maji," akalalama Willis.

"Ndiyo maana tunamtaka," akasema Clifford, akihesabu mikono. Thelathini na mmoja kwa mmoja.

Selpher akampelekea Mama Abigail ufunguo kwa bodaboda, kilomita sita za vumbi jekundu, kaukamata kama mkuki. Fahali akauzwa, pesa zikarudi sandukuni.

Siku ya nne mkono ukamwasha Willis. Ufunguo wa Clifford alikwisha kuupata kwa soda moja. Akafika nyuma ya ua wa mama mkwe, akageuza mgongo kwa heshima, akaiambia migomba, "Kuna mtu anaomba ufunguo."

Mama Abigail, naye akitazama kwingine, akaituma migomba imjibu: "Huyo mtu aje na wenzake thelathini na mmoja."

Willis akarudi alikotoka.

Jumapili sanduku likafunguliwa mbele ya wote. Hata senti haikupungua, na Selpher akapewa fedha zake, akabeba kutoka dukani mabati kumi na sita. Basi na iandikwe, chini ya tarehe za falme zilizoanguka na miji iliyotekwa: mwaka huo, mwezi wa tatu, mvua ilishuka juu ya Selpher kwa majeshi yake yote, wala haikumfikia.