Waya wa Mnarani na Cheo Changu cha Fundi

Jumatatu, 12 Oktoba 2009
Wiki ya pili bila sauti ya dada yangu Ndaya. Angola wamewafukuza Wakongomani. Amevuka mpaka na watoto wawili, yuko Dilolo. Dereva wa lori ndiye aliyetuambia. Hajui kwamba kampuni yangu imefungwa na sisi tumetolewa kwenye nyumba ya kampuni. Jumamosi kuna lori la kuja Kolwezi. Asipopata habari kabla, atagonga mlango wa watu wasiomjua. Simu za Dilolo hazishiki. Imebaki fonii, redio ya parokia ya kuitana na miji ya mbali. Inavuma tu. Padri kaomba mtu anayejua antena. Nikanyoosha mkono. Mimi ni mwanachama wa jukwaa la antena mtandaoni. Vyeo vinahesabiwa kwa ujumbe ulioandika: Mgeni, Mwenyeji kwa thelathini, Fundi kwa mia mbili. Mimi Mwenyeji.

Jumanne, 13 Oktoba
Antena imepanda mnara wa kengele, mita kumi na tisa. Mulumba, mwendesha fonii, alisema ile ya zamani ilikaa chini. Nilimweleza kwa upole kwamba antena ya mtu wa cheo haianikwi kama shuka. Matokeo: Kinshasa inasikika safi. Dilolo kimya. Mama yetu, Mama Kapinga, amekaa kwenye benchi ya fonii tangu asubuhi. Akauliza kama Ndaya yuko Kinshasa. Nikasema hapana. Akauliza basi Kinshasa ya nini.

Jumatano, 14 Oktoba
Cyber ya Ernestine, duka la intaneti. Programu ya kuchora antena imetoa faili: mistari mia moja sitini na tatu ya tarakimu, kimo, pembe, nguvu inakoelekea. Nikaomba msaada jukwaani. Mkongwe mmoja akasema niweke faili walione. Hapo akili ikanijia. Faili zima ni ujumbe mmoja. Mstari kwa mstari ni ujumbe mia moja sitini na tatu! Saa tano za kuandika. Jioni nikawa Fundi. Nilisimama. Ernestine akauliza kama nimepata kazi.

Alhamisi, 15 Oktoba
Nimefukuzwa jukwaani. Eti nilionywa mara nane. Sikusoma, kusoma hakuhesabiwi. Nilimwambia Mama kwamba sasa naelewa anavyojisikia Ndaya. Mama akanitazama. Mwaka 1993 alifukuzwa hapahapa Kolwezi kwa sababu wazazi wake walitoka Kasai. Alingojea treni wiki saba na sisi wawili, chini, kwenye saruji ya gare, kituo cha treni. Akasema: “Badi, mi balinifukuzaka na batoto. We banakutosha tu mu masini ya Ernestine.” Yaani mimi nimetolewa tu kwenye mashine. Niliona aibu. Kweli niliona.

Ijumaa, 16 Oktoba
Mulumba hajaandika ujumbe hata mmoja maishani mwake. Jana alikwenda cyber kimyakimya, akasoma. Mistari yangu imefutwa, lakini jibu la yule mkongwe limebaki tangu Jumatano: faili lenyewe linaonyesha kwamba waya ukiwa juu hivyo, sauti inaruka mbali mno, kwa Dilolo ushushwe hadi mita nne kutoka ardhini. Tukaushusha. Saa nne asubuhi fonii ya Dilolo ikaitika, wakamwita Ndaya, akasikika. Alilia kwanza. Kisha akasema Angola walimwita mgeni miaka tisa, na sasa Dilolo nao wanamwita hivyo. Mama akamwelekeza: nyuma ya soko, mlango wa bluu, uliza kwa Kapinga. Akarudia mara tatu. Mimi nilishika maikrofoni.

Jumapili, 18 Oktoba
Ndaya amefika jana. Amelala chumbani kwangu na watoto. Hana karatasi hata moja, zilichanwa mpakani. Nimemtazama asubuhi, kabla ya misa. Miguu yake imevimba. Inaniuma. Nikawaza kwamba mtu kama huyu lazima awe wa mahali fulani. Nikawaza pia juu ya kosa langu, na nimelielewa: niliandika haraka mno. Baada ya misa nikaenda kwa Ernestine, nikamwandikisha Ndaya jukwaani. Safari hii naandika kwa jina lake, taratibu, ujumbe mmoja kila dakika tano. “Asante.” “Ni kweli.” “Hata mimi.” Saa tisa amefikisha thelathini, amekuwa Mwenyeji. Nyumbani bado amelala. Sitamwamsha kwa cheo kidogo hivyo. Nangoja awe Fundi.