Habari za Vita vya Nozeli ya Tatu

Nyamazeni. Enyi mlioketi vibarazani Levolosi, zimeni redio. Nanyi mnaopima mahindi sokoni, wekeni vibaba chini. Na mwenye nyundo aizuie hewani, kwa maana tendo hili haliwezi kusimuliwa kwenye kelele, kama ambavyo halikuweza kutendwa kwenye kelele. Wapo waliosimuliwa kwa kuvunja ngome, na wapo waliosimuliwa kwa kuvuka majangwa. Huyu ni Anande, mwalimu wa Kiingereza, mwana wa wakulima wa kahawa wa Meru, Mshika Chaki, Mwenye Bisibisi Moja, ambaye mchana mmoja, uani kwake, alitambua ni ipi kati ya nozeli nne iliyokuwa imelala.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, viwanda vilipouzwa pamoja na saa zao za ukutani, na mji wa Arusha ukavaa, ukalalia na ukaendesha vitu vilivyokwisha kutumiwa na watu wengine. Hanna, mkewe Anande, aliondolewa kiwandani siku ileile iliyoondolewa mashine aliyokuwa akiiendesha. Mashine ikapata mnunuzi. Ndipo wakauza ng'ombe wao, wakanunua gari: dogo, la rangi ya fedha, lililotoka Japani likiwa na kitabu cha maelekezo cha Kijapani, hata mwalimu wa lugha akakaa mbele yake kama mtoto wa darasa la kwanza. Shabaha ilikuwa moja. Kule Olmotonyi, kwenye mteremko wa mlima, mama yake Hanna na akina mama wenzake walikuwa na maziwa na hawakuwa na wa kuyafikisha mjini. Hanna angeyabeba, angeyauza, na nyumba ingekula.

Mama huyo, Bibi Nosim, alikuwa mzee wa kanisa, na tena Mwarusha wa malezi ya zamani, ambaye kwake mkwe wa kiume hatazamwi usoni wala hasemezwi. Hata akiwa hatua mbili kutoka kwa Anande, maneno yake yalipita kwa bintiye kama barua inayopitia posta. Siku gari lilipofika Olmotonyi mara ya kwanza, alilizunguka lote, akasema, "Hanna, mwambie Mwalimu afungue, nione linakula wapi."

Boneti likafunguliwa. Bibi akachovya kishada cha nyasi mbichi katika kibuyu cha maziwa, akainyunyizia injini mbele, kati na pembeni, kama wazee wake walivyobariki kila kitu kipya kilichoingia boma. "Mungu akupe miguu," akaliambia gari. Mwalimu akainamisha kichwa.

Kabla mahindi ya msimu ule hayajabeba, gari lilishikwa na homa. Likikimbia lilivumilika, lakini likisimama, mguu ukiwa haupo kwenye mafuta, lilitetemeka kutoka taa hadi taa, vioo vikagongana na fremu zake, na kila kituo kikayapiga maziwa ndani ya madumu, hata wateja wa Hanna wakaanza kuuliza kama siagi inauzwa kando.

Mwalimu akaenda kwa Saadi, fundi mashuhuri, Mfalme wa Kabureta, aliyezika malori mengi kuliko aliyoyaponya. Saadi alikuwa anakula muwa. Akasikiliza kwa muda wa pingili moja, akatema makapi, akatoa hukumu. "Mwalimu, hapa sailensa imekufa."

Na ijulikane kwamba mafundi wetu huita sailensa ule mngurumo mdogo wa injini gari likiwa limesimama. Lakini Anande alikuwa amefundisha Kiingereza miaka mingi, na kwa wenye Kiingereza chao neno hilo ni jina la kile kipipa kinachomeza kelele kwenye bomba la moshi. Alijua maana, kwa hiyo hakuuliza. Akanunua kipipa kipya, akalala chali chini ya gari kutwa nzima, akakifunga kwa mikono yake, akainuka amejaa masizi na matumaini. Gari likaendelea kutetemeka vilevile, ila sasa kimyakimya, kama mgonjwa aliyekatazwa kulia.

Jumapili, baada ya ibada, lilisimama mbele ya akina mama wa Olmotonyi likitetemeka hivyo. Na hapo alikuwapo Lemburis, Bwana wa Punda Wawili, ambaye sasa naye alitaka kuyabeba yale maziwa.

"Shemeji Hanna," akasema Lemburis, "hilo gari linasikia baridi? Lifunikeni blanketi."

"Litapona."

"Sijasema halitapona. Nasema punda wangu akisimama, amesimama. Nipeni bilauri ya maziwa."

Akapewa, akaituliza juu ya mgongo wa punda. Punda akageuza sikio moja tu. Lemburis akaichukua, akaiweka juu ya boneti. Bilauri ikatembea yenyewe hadi ukingoni, ikaanguka. Mtu mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

Bibi Nosim akaitazama ardhi iliyokunywa maziwa. "Hanna, mwambie mumeo kwamba nampenda. Lakini maziwa haya si yangu peke yangu. Jumamosi tutaweka bilauri tena, nitaijaza mwenyewe mpaka mdomoni. Ikimwagika, maziwa yatapanda punda."

"Amesikia, mama. Yuko hapa."

"Mwambie."

Hanna akamwambia.

Basi Mshika Chaki akarejea kwa Mfalme wa Kabureta, akasimama mbele yake, akanena, "Ewe fundi, nililitii neno lako. Nimefunga sailensa mpya, ya gharama, kwa jasho langu, na adui bado yumo ngomeni. Je, nimekosea wapi?"

Saadi akachungulia chini ya gari. Akakaa juu ya tairi kuukuu, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye grisi. "Mwalimu, mimi nilisema sailensa. Wewe umekwenda kununua sailensa."

"Ndiyo."

"Siyo hiyo."

Akamweleza. Gari lile si la kabureta, ni la nozeli. Ziko nne, na kila moja humwagia petroli silinda yake. Iliyo hai hugonga, tik tik tik, kama saa. "Weka ncha ya bisibisi juu ya nozeli, mpini utie sikioni. Isiyogonga ndiyo mgonjwa wako."

"Nisikilizie wewe."

"Sikio hili lilikufa na malori ya ushirika. Na pale kwenu, Mwalimu, hata mwenye mazima mawili hasikii kitu. Si mmepakana na Mikidadi?"

Walipakana na Mikidadi. Huyu ndiye Mfua Bati, Ngurumo ya Mtaa, aliyegeuza kila paa lililong'olewa mjini kuwa majiko ya mkaa, kuanzia chai ya asubuhi hadi giza. Na upande wa pili wa ua alikaa Bi Twahira, muuza chapati, ambaye ili aisikie redio yake juu ya sauti ya nyundo, aliifungulia mpaka mwisho. Katikati ya majeshi hayo mawili ndipo Mwalimu alipopaswa kusikia kitu kidogo kuliko kidole kikigonga.

Akaenda kama mjumbe wa amani. "Shikamoo, Mzee Mikidadi."

"Marahaba, Mwalimu." Nyundo haikusimama.

"Mzee wangu na jirani yangu, wewe ambaye nusu ya mji huu inapikia kazi ya mikono yako, nimekuja bila silaha, kuomba suluhu ya nyundo, ili katika utulivu huo nipate kuipambanua sauti moja ndogo ambayo riziki ya nyumba yangu imeegemea—"

"Sema kwa nguvu, sikusikii."

Mwalimu akairudia hotuba kwa kelele, na hotuba ya kelele hupoteza fahari yake. Mikidadi akasikiliza, akaligeuza bati.

"Nikinyamaza ovyo ovyo, watu watadhani nimekufa. Wataniletea sanda badala ya oda. Lakini adhuhuri huwa naacha. Mungu hagongewi bati. Na Bi Twahira naye huzima redio mpaka tutoke msikitini. Hizo nozeli zako ngapi?"

"Nne."

"Na adhuhuri ni rakaa nne. Umeshapimiwa. Usiniombe ya tano."

Siku ya pili, adhana ilipokwisha, nyundo ikatua, redio ikakatika, na ukimya ukashuka Levolosi, ukimya ambao Mwalimu, Mlutheri, aliuazima kutoka kwa dini ya jirani zake. Hanna akawasha gari. Mwalimu akachomoa bisibisi kama upanga, akalikabidhi sikio lake la kulia mpini, akaishusha ncha juu ya nozeli ya kwanza. Ikagonga, tik tik tik, nyepesi na ya haraka. Akahamia ya pili. Nayo iligonga kama dada yake. Akashusha ncha juu ya ya tatu, na hapo hapakuwa na kitu, ila mtikisiko wa injini peke yake, kama mtu abishaye hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Ya nne ilikuwa hai.

Mtu mwepesi angepiga kelele za ushindi. Anande hakuliamini sikio peke yake. Alichomoa soketi ya waya ya nozeli ya pili, na injini ikayumba ikitaka kuzimika, akairudisha. Akachomoa ya nozeli ya tatu, na injini haikujali hata kidogo. Hivyo sikio likapata shahidi. Lakini likabaki swali ambalo mafundi wengi hulimaliza kwa kununua kitu kipya: je, nozeli imekufa, au haipewi umeme? Akaivuta soketi ya jirani yake, ya pili, akaichomeka kwenye ya tatu, akaweka bisibisi.

Tik tik tik.

Nozeli ilikuwa haijafa. Ilikuwa haijaitwa.

Akazima gari, akaigeuza soketi ya tatu juani, na humo ndani akamwona adui: gamba lililokauka juu ya vijino viwili vya shaba, jeupe kwa nje, na chini yake kutu ya kijani. Akalikwangua kwa ukucha. Akalinusa.

Lilinuka mtindi.

Hapo shujaa akalinusa mara ya pili. Nyasi mbichi zikamrudia, na kibuyu, na yale matone ya mbele, kati na pembeni. Aliijua sasa asili ya homa. Alijua pia ni nani angekaa kiti cha hakimu siku ya Jumamosi.

"Umeona nini?" Hanna akauliza kutoka ndani ya gari.

"Uchafu."

Akachovya mswaki mkuukuu katika petroli, akasugua, akachokonoa kwa pini, akafuta, akachomeka. Soketi ikajibu, kach. Gari likawashwa, likasimama wima katika mngurumo wake.

Mikidadi akarudi akivua kofia. "Umempata?"

"Nimempata."

"Nani?"

"Wa tatu."

"Nilijua. Kwenye ndugu wanne, wa tatu ndiye mvivu," akasema Mikidadi, ambaye kwao alikuwa wa pili, kisha akainua nyundo, na dunia ikarudi kama ilivyokuwa.

Jumamosi ikafika. Akina mama wa Olmotonyi walikaa na madumu yao, Lemburis akawasimamisha punda kando ya barabara wakiwa wamekwisha kuvishwa matandiko, kwa kuwa alikuwa mtu wa kujiandaa. Bibi Nosim akaiweka bilauri juu ya boneti, akamimina kwa mkono usiotikisika mpaka maziwa yakavimba juu ya mdomo wake. Hakuna aliyepumua karibu. Hata punda walitazama.

Wakangoja.

"Liwasheni basi," akasema Lemburis, "tunachelewa soko."

"Limewaka," akasema Hanna. "Limewaka tangu mama anamimina."

Lemburis akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa, akakiweka tena. Kisha akaanza kuwavua punda matandiko.

Bibi Nosim akainama hadi jicho lake likawa sawa na bilauri. Uso wa maziwa ulikuwa na mkunjo mmoja mwembamba uliokuja na kwenda, wala tone halikushuka. Akaichukua bilauri kwa mikono miwili.

"Hanna, mwambie mumeo kwamba ile baraka yangu haikupotea. Ilikuwa inafanya kazi polepole."

Mwalimu Anande, mtu ambaye kwa miaka mingi hakuacha kosa la mtu lipite bila kalamu nyekundu, aliliacha hili lipite.

"Na sasa mwambie afungue," akaendelea Bibi, akiokota kishada cha nyasi, "niirudie, iwe na nguvu."

Basi hapo ndipo vita vilipokuwa vikali, kwa maana maadui wengine huja wakiwa wamebeba heri. Mshika Chaki akajisogeza mbele ya boneti, akanena kwa sauti ya kuwatosha wote, macho yakiwa chini kama heshima itakavyo:

"Hanna, mwambie mama kwamba siku ile aliliombea gari miguu. Tumbo amekwisha kulibariki, nalo limeshiba. Miguu yenyewe haijaguswa hata tone."

Akina mama wakatazama matairi. Yalikuwa makavu, yenye vumbi jingi.

"Hata punda," akasema Lemburis bila kugeuka, "tunamnyunyizia kwato."

Bibi Nosim akafikiri. "Mwambie Mwalimu kwamba amesoma," akasema, akazunguka gari akinyunyizia tairi moja baada ya jingine, na la akiba pia, baada ya kudai litolewe.

Hivyo maziwa ya Olmotonyi yakapanda gari. Na katika miaka ile mikuu, walipoandikwa waliouza viwanda na walionunua, haikuandikwa popote kwamba bilauri moja ilisimama juu ya boneti mbele ya mashahidi na haikumwagika. Kwa hiyo inaandikwa hapa.

Walipokuwa wanateremka kwenda mjini, Hanna akauliza, "Ule uchafu kwenye soketi. Ulikuwa nini hasa?"

"Kutu."

"Ya rangi gani?"

Mwalimu akashika usukani kwa mikono miwili. "Nyeupe."

Hanna akageuza uso dirishani. Mabega yake yalitikisika kutoka pale hadi mtaa wa Sakina. Gari halikutikisika.